Mkwe Asiyekoroma

Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri, Papa alifunga pazia za sebuleni akaweka filme anayoipenda kuliko zote, ile ya zamani isiyo na rangi, ya injinia mweusi anayekwenda kumwomba binti wa Kizungu kwao. Hapa kwetu Gihosha tumeiona mpaka tunajua mama wa binti ataangusha kikombe saa ngapi. Safari hii aliiweka kwa ajili ya mgeni, mchumba wa dada yangu, Muhindi ambaye familia yake inauza vitambaa mtaa wa Asiatique tangu enzi za babu yake. Ni Mkatoliki kama sisi, kwa hiyo Mama alibaki na sababu moja tu ya kununa, na hiyo hakuisema.

Jikoni dada alikuwa ameninong'oneza: Papa akiridhika leo, atataja siku ya kusaba, ukoo wa mwanaume uje na msemaji wake kumwomba binti. Asiporidhika atanyamaza, na Papa akinyamaza ndiyo apana yenyewe.

Zamani nilitaka nywele za yule binti, na injinia nilimwona malaika. Jumamosi niliangalia huku namchungulia shemeji, nikaanza kuona mambo. Injinia hatoi jasho. Hali chakula. Anatukanwa, anatabasamu. Binti analia kwenye ngazi wakati wengine wanaamua, na hakuna anayemuuliza kitu. Na shemeji wangu, ambaye dukani anacheka mpaka wapita njia wanageuka, alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti vilevile, brosheti za nyama zinapoa mbele yake. Papa akamuuliza kama ng'ombe za mahari anazijua. Ndiyo, Papa. Vizuri? Vizuri sana, Papa.

Filme ikaisha, Papa akapangusa macho kama kawaida yake. "Mwanaume kama yule," akasema, "nani angemkataa?"

Mi mbele ya wageni huwa sisemi. Sijui ilitoka wapi. "Na kama angekuwa mutu wa kawaida tu, Papa? Anayekoroma?"

Mama alinipiga jicho la kunirudisha jikoni. Shemeji akaweka glasi chini.

"Mi nakoroma, Papa. Na ng'ombe naziogopa. Hata ndama."

"Anakoroma kweli," dada akadakia. Mama akamgeukia haraka. "Ndani ya basi, Mama. Tulipokwenda Gitega na kwaya."

Papa alicheka mpaka Fanta ikamwagikia shati. Akamwambia shemeji ale kwanza, halafu akataja siku: Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka. Desturi ni mchumba anyamaze, msemaji amsifie ng'ombe. "Sawa, utanyamaza. Lakini ng'ombe utamleta wewe mwenyewe, kwa kamba, kila mutu akuone unavyotetemeka."

Dada alilia, lakini si kwenye ngazi. Alilia huku anakula brosheti za mchumba wake.

Asubuhi yake, baada ya misa, mimi, dada na shemeji tulipanda kilima hadi kwa jirani anayefuga ng'ombe, shemeji akajizoeze. Shemeji alisimama mbali. Mimi, ambaye sijawahi kugusa ng'ombe maisha yangu yote na sikumwambia mutu, nilienda nikashika kamba, halafu nikampa shemeji ncha yake.