Nilikosa mke kwa pigano ambalo halijawahi kupigwa

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Tangu juzi nasoma watu wazima wakitukanana kuhusu bondia huyu akiwa kwenye prime yake angemfanya nini yule akiwa amezeeka. Nimevumilia, nimeshindwa.

Wacha niwape kisa changu. Sijaongeza chumvi. Mke niliye naye sasa anakijua chote, na hukicheka mpaka leo.

Ilikuwa Mombasa, miaka ya tisini. Nilikuwa karani bandarini, nikiishi Majengo na mama. Baba alishafariki, kwa hiyo mkubwa wangu alikuwa ami Salim, ndugu yake baba, fundi wa redio.

Ami Salim hajawahi kupigana hata na paka. Lakini ukitaja ngumi za uzani wa juu, ungedhani yeye ndiye aliyewafunga glovu mabondia wote wa dunia.

Basi nikampenda Rukia, mwalimu wa chekechea pale Tononoka, kwao Mji wa Kale. Tukaelewana. Akaniambia, leta wazee.

Ijumaa moja baada ya alasiri tukaenda. Kwa desturi mposaji hubaki nyumbani, lakini ami alitaka mtu wa kumbebea sinia la halwa.

Baba yake Rukia, Mzee Abeid, alitupokea vizuri mno. Kahawa ikamiminwa. Tukaulizana hali za watu mpaka wa Lamu.

Halafu ami akaona kanda za video juu ya televisheni.

"Naona nawe wapenda ngumi, sheikh."

Nikajua tumekwisha.

Majina ya mabondia nayaficha makusudi. Mmoja nitamwita Mkongwe, bingwa wa enzi za baba zetu, aliyestaafu kisha akarudi ulingoni. Wa pili ni Kijana, aliyetisha dunia nzima miaka ile mpaka alipokuja kuangushwa.

"Kijana angemla Mkongwe raundi ya pili," akasema Mzee Abeid.

"Mkongwe yupi?" ami akauliza. "Yule mbichi, au yule aliyerudi na kitambi?"

"Aliyerudi."

"Aa! Mimi namtaka yule mbichi, na Kijana wako namchukua baada ya kuangushwa. Si amekwisha yule?"

"Yakhe, wako wamtaka akiwa mbichi, wangu wamtaka amechoka. Uadilifu uko wapi?"

Wakuu, watu hawa wawili wana wajukuu.

Nikasema taratibu, "Ami, tulikuja kwa jambo jengine."

"Ngoja kwanza!" Wakanijibu wote wawili, kwa pamoja. Ndilo jambo la pekee walilokubaliana siku hiyo.

Ami akasimama kuonyesha Mkongwe alivyokuwa akikwepa. Mzee Abeid naye akasimama, akakunja ngumi, mkono mwingine umeshika kikoi kisimvuke. Ami akakwepa ngumi ambayo hakuna aliyeirusha, akalipiga teke dele la kahawa. Zulia lote likalowa.

Nyuma ya pazia nikasikia mtu akisonya. Nahisi alikuwa Rukia.

"Mtu asiyejua ngumi," Mzee Abeid akasema akihema, "atajuaje thamani ya binti wa mtu?"

"Nami siposi nyumba isiyomheshimu Mkongwe!"

Ami akatoka. Na halwa yetu akaibeba.

Mama alikwenda kuomba radhi. Akarudi na jibu kwamba Mzee Abeid hana neno nami, ila ami aje akiri mbele yake kuwa Kijana angeshinda.

Nikaenda dukani kwa ami, nikampigia magoti kabisa. "Ami, sema tu ameshinda. Pigano lenyewe si halipo?"

Akaweka bisibisi chini. "Wataka niseme uongo kwa sababu ya mwanamke?"

Nikamtafuta Rukia nikamwomba asubiri. Akanitazama kwa huruma kidogo na dharau nyingi.

"Baba hashuki, ami yako hashuki. Nisubiri mpaka nani aanguke?"

Nililia, wakuu, si siri.

Haukupita muda akaolewa na mtu wa Ganjoni.

Sasa sikieni hili. Ami alialikwa harusini! Kumbe walishapatana kitambo, kila jioni wako pamoja kwa Mzee Abeid mbele ya zile kanda za video, wakibishana. Mimi hakuna aliyeniambia.

Akarudi ameshiba pilau, akakaa kando yangu, akaniambia kwa masikitiko ya kweli:

"Yule bwana harusi hajui ngumi hata kidogo."

Nilichojifunza: ukienda kuposa, nenda na mzee asiyependa mchezo wowote. Na ninyi mnaokosana na ndugu kwa ajili ya mabondia wasiowajua hata kwa salamu, jitazameni kwenye kioo.

Haya, nanyi semeni yaliyowakuta. Ila atakayekuja hapa kunieleza nani angeshinda, namblock.