Mkono Nilioujibu

Ipo siku moja isiyonitoka kichwani, mwanangu, na wewe ndiye uliyenirudisha kwenye siku hiyo uliponitumia picha mbili kwenye simu ukauliza, "Shangazi, ninunue ipi?" Ya kwanza kamera ndogo ya kuvuta mbali, ile ambayo lenzi yake hurefuka kama shingo ya kobe. Ya pili kamera kubwa ya kuanzia, zile wenyewe wanaziita DSLR, yenye lenzi fupi ya kuchomoa. Ulitaka jibu la neno moja. Mimi nitakupa jibu refu, kwa sababu swali hilohilo niliwahi kulijibu mwenyewe, na nikalijibu vibaya.

Nilikuwa na miaka thelathini na kidogo, nina chumba changu cha picha hapahapa Ujiji, nikipiga za pasipoti, za harusi na za watoto waliotoka jandoni. Kamera yangu ya zamani ilikuwa imekufa. Binamu yangu akanitafutia mbili za mtumba Dar es Salaam, ndogo ya kuvuta na kubwa ya lenzi fupi kama hizo zako, zikaja kwa treni, nichague moja na nyingine irudi. Mzee Ramadhani, aliyenifundisha kazi, akaja kuziangalia. Alikuwa mtu wa maneno machache, na meno machache vilevile, kwa hiyo hakupoteza neno ovyo. Akaishika ile kubwa, akanitazama kupitia kidirisha chake.

"Wewe Mwamini, chukua hii."

"Hii haifiki popote, mzee. Lazima nimwendee mtu mpaka pale alipo."

"Ndiyo," akasema. "Umwendee."

Nikamwona mzee wa enzi za filamu, asiyejua dunia imefika wapi. Ile ndogo ingeweza kuniletea mvuvi aliye katikati ya ziwa hadi nikahesabu vifungo vya shati lake. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini mimi niliamini nimepata fimbo isiyojua umbali. Nikaichukua hiyo.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, kiangazi, wakati watu wanachoma mashamba na moshi unaifuta milima ya Kongo. Unajua ziwa letu linavyokuwa siku hizo. Maji na mbingu huwa rangi moja, na mtumbwi huonekana kama umening'inizwa hewani. Hakuna upepo, hakuna ndege. Nilipanda kilima cha mawe kule Bangwe saa sita mchana, peke yangu, nimejitanda kanga nyekundu kujikinga na jua.

Mbali, karibu na pale macho yanapokoma, palikuwa na doa jeusi. Nikavuta. Kamera ikalia zzzii, lenzi ikatoka, doa likawa boti, botini mna watu wawili, mmoja amesimama. Nikavuta hadi mwisho. Sura yake ikajaa kwenye kioo: kijana mwenye fulana ya njano, mdomo wazi, mkono juu. Alikuwa ananitazama. Sisemi alitazama upande wangu, mwanangu. Alinitazama mimi, jicho kwa jicho, kana kwamba tumeketi mkeka mmoja. Na hapakuwa na sauti yoyote. Mdomo ukafunguka, ukafumba, ukafunguka tena. Nikasikia nzi. Nikasikia moyo wangu. Kutoka kwake, kimya.

Vinyweleo vilinisimama, sikujua kwa nini. Nikajicheka. Nikasema, kijana anaimba huyu, ameniona, ananisalimia. Nikapiga picha. Kisha nikaivua kanga nikampungia, naye akapunga kwa nguvu zaidi, kwa mikono yote miwili. Nikafurahi. Nikapiga nyingine. Halafu nikazima kamera, yeye akarudi kuwa doa, nami nikateremka kwenda kula.

Jumamosi ikasikika sokoni Kibirizi kwamba boti ya mawese kutoka Ilagala imezama na mtu mmoja hajapatikana. Nikasema maskini, Mungu awape subira, nikaendelea kuchagua dagaa. Sikuunganisha mambo. Wiki ileile nikaikuza picha yangu, nikaitia kwenye fremu ya kioo, nikaitundika dirishani na maandishi chini yake: SALAMU KUTOKA ZIWANI. Wapita njia walisimama kuitazama. Mzee Ramadhani naye alisimama, muda mrefu.

"Alikuwa anasema nini?" akauliza.

"Nitajuaje, mzee? Alikuwa mbali."

Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Wiki tatu zikapita. Mchana mmoja nilikuwa nafuta vumbi, mlangoni pakaingia kivuli. Nikainua macho. Alikuwa yeye. Shati jingine, lakini paji la uso lilelile, nyusi zilezile, na mdomo ule niliokuwa nimekaa nao saa nyingi kwenye kompyuta hadi nikaujua kuliko wa mume wangu.

"Karibu! Karibu, kaka!" nikasema kwa furaha. "Kumbe ni wewe! Mimi ndiye niliyekupungia siku ile. Uliniona?"

Akaitazama picha, akanitazama, akaitazama kanga nyekundu iliyoning'inia kwenye msumari.

"Wa kanga nyekundu," akasema taratibu. "Ni wewe."

"Ni mimi!"

"Huyo pichani si mimi, dada. Huyo ni Bukuru. Mimi ni Butoyi."

Kwa Waha pacha anayetangulia huitwa Bukuru, anayemfuata Butoyi. Majina yenyewe yalinitosha. Nikaikumbuka ile boti ya Ilagala na mtu asiyepatikana.

Akaketi kwenye kiti cha wateja akanieleza, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Injini iliwazimikia mbele ya Bangwe. Boti ilikuwa imejaa madumu ya mawese, na ubao mmoja wa chini ulikuwa umeachia, maji yanaingia kidogokidogo. Walikuwa na kasia moja tu.

"Mimi nilisema tutupe madumu, tupige kasia, ziwa limetulia, tutafika. Bukuru akasema hapana, tungoje. Yule mama pale juu ametuona. Tazama, anatujibu. Na ulipoondoka alifurahi. Akasema, unaona? Amekwenda kuita watu."

"Mkangoja?"

"Tukangoja. Saa tisa upepo wa kusini ukaamka."

Yeye alishikilia dumu, wavuvi wa dagaa wakamwokota jua likizama. Bukuru hakuonekana tena, wala ziwa halikuwarudishia mwili wa kuzika.

Nikakimbilia dirishani kuitoa ile picha. "Usiitoe," akasema, tayari amesimama mlangoni. "Mama aje amwone."

Nilimngoja mama yao siku nne. Kamera nilikuwa nimeifungia kwenye droo, sitaki kuiona. Siku ya pili, adhuhuri, duka tupu, nikasikia: zzzii. Lenzi ilikuwa inajitoa yenyewe mle gizani, ikagonga ubao, ikarudi, ikajitoa tena. Sisemi ni jini, mwanangu. Mchanga wa ufukweni ukiingia kwenye kamera zile huzitia wazimu, fundi yeyote atakwambia. Lakini nilikaa pale nikiusikiliza ule mlio, na ulikuwa mlio wa kitu kinachomtafuta mtu. Nikatoka nje, nikasimama juani hadi betri ilipokwisha.

Mama yao alikuja na lori la mihogo kutoka Ilagala. Mwanamke mfupi, kitenge cha kijani, mabega ya kulima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Basi. Akaiendea picha moja kwa moja, akasimama karibu hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Kisha akafanya jambo ambalo sijalisahau hadi leo. Aliufungua mdomo wake kama wa mwanawe. Akaufumba kidogo. Akaufungua tena, upana uleule, bila sauti, kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye kufuli. Mimi niko nyuma yake, naziona nyuso mbili kwenye kioo kimoja, ya kijana na ya mama, midomo wazi, zote kimya. Sijui alijaribu maneno mangapi. Mwishowe sauti ikatoka.

"Ngwino," akasema kwa Kiha. Akarudia, polepole. "Ngwino. Alikuwa anakuita uje."

Nikapiga magoti. Nikamweleza yote, kupunga kwangu, kufurahi kwangu, na chakula nilichokwenda kula. Nilitegemea kipigo, na laiti ningekipata. Alisikiliza hadi mwisho, akasema tu, "Nipeleke pale ulipokuwa umesimama. Na hicho kidude chako kibebe."

Nikatia betri nyingine, tukapanda Bangwe. Ilikuwa mchana, ziwa limelala vilevile, moshi vilevile. Nikamwonyesha jiwe. Akataka kamera, nikamfundisha pa kubonyeza. Akaielekeza kwenye boti moja mbali sana, akavuta.

"Wanazungumza," akasema. "Mbona siwasikii?"

"Haileti sauti, mama. Inaleta sura tu."

Akaishusha kamera, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Basi uliona nusu ya mtu."

Akaiinua tena. Akasema, "Mmoja ameinua mkono. Anasalimia au anaita?"

"Sijui, mama."

"Hujui. Mbona basi umesimama?"

Mwanangu, niliteremka kile kilima kama niliyesukumwa. Ndala ikakatika, mguu ukachanika kwenye jiwe. Ufukweni palikuwa na bwana mmoja anaziba mtumbwi wake. Nikamwambia nipeleke kule, akautazama uso wangu, akausukuma mtumbwi majini. Tulipiga kasia hadi viganja vikawaka moto. Tungali mbali nikaanza kupiga kelele: "Mko salama? Jamani, mko salama?"

Walikuwa vijana wanne na nyavu zao.

"Tuko salama, dada!" wakajibu wakicheka. "Tulikuwa tunamsalimia bibi yule wa mlimani!"

Nikalia mle mtumbwini kama mtoto, nao wakaacha kucheka. Tulipogeuza, nikatazama juu. Yule mama alikuwa amesimama kwenye jiwe lilelile, mdogo kama kijiti, mkono wake juu. Haukutikisika. Ulikuwa umenyooka tu angani, katika ule ukimya, na mimi sikujua kama ananisalimia au ananiita. Tulipofika ufukweni ulikuwa bado juu. Nikakipanda kilima tena mbio, mguu unavuja damu. Nikamkuta hivyohivyo, macho yamejaa machozi, bega linamtetemeka kwa kuchoka. Aliponiona akaushusha mkono.

"Umekuja," akasema.

Hakusema amenisamehe, wala sikumwuliza. Alirudi Ilagala na picha ya mwanawe, baada ya kuniamuru nikate yale maandishi ya chini, kwa kuwa Bukuru hakuwa anasalimia. Tangu hapo kila kiangazi nakwenda kumwamkia. Ananipikia ugali wa muhogo, tunakula, hatuzungumzi sana. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mtu anaweza kuketi pale yalipomwagika asikimbie.

Sasa swali lako. Kamera ya kuvuta si mbaya. Kama kazi yako ni ndege wa mlangoni mwa Mto Malagarasi, au viboko, au mpira uwanjani, ichukue. Ni nyepesi, haikubebeshi lenzi tatu begani. Ila kihisio chake cha mwanga ni kidogo. Jua likipungua, picha zake huwa na chembechembe kama uji wa unga usiochekechwa. Lakini wewe umeniambia unataka kupiga picha za watu. Basi chukua ile kubwa ya kuanzia. Itakuchosha shingo, na lenzi yake fupi itakukera. Ndani ya nyumba yenye taa moja itakuonyesha uso wa bibi harusi kama ulivyo, na ukijaliwa baadaye utanunua lenzi nyingine bila kuitupa kamera. Na ule ufupi unaokukera ndio faida yake. Utalazimika kutembea, kubisha hodi, kusema shikamoo, kumsikia mtu anavyopumua kabla hujachukua sura yake. Mimi niliiagiza tena kwa binamu yangu mwezi uleule, na Mzee Ramadhani hakunicheka wala kuniambia "si nilikwambia?" Wakubwa wa kweli huacha guu lako lililovunjika likufundishe lenyewe.

Wala usidhani shauri langu linaishia kwenye lenzi. Siku hizi hata simu inavuta. Kutwa unaletewa sura za watu wasio na sauti, midomo wazi, mikono juu, nawe unawajibu kwa kidole gumba kisha unakwenda kula. Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Shika hili: ukimvuta mtu karibu kwa jicho, mfuate kwa miguu. Usipojua kama anasalimia au anaita, chukulia kwamba anaita. Ukikosea utachekwa, na kuchekwa hakujazamisha boti ya mtu.

Nenda, mwanangu. Mola akupe mwanga mzuri katika kazi yako, akupe masikio yanayofika pale macho yako yanapofika, na miguu isiyongoja kuambiwa. Na siku utakapoinua mkono wewe, akujaalie mtu wa kuja.