Mtu Mmoja Ukumbini, Jumapili

Mimi si msemaji, na kuandika kwangu ni kwa polepole. Lakini hili limenipata mwenyewe, hapa Dodoma, mchana kweupe, wala sikuwa nimelewa. Ukitaka kucheka, cheka ukishamaliza kusoma.

Nilipata kibarua cha kuhesabu watu katika jengo jipya la ofisi. Wenye jengo walitafuta cheti cha jengo linalotunza mazingira, na watoa cheti walitaka kujua ni watu wangapi wanakaa humo nyakati mbalimbali. Jumatatu asubuhi linajaa, Ijumaa jioni linabaki nusu, Jumapili ni tupu. Darini kulikuwa na vijicho vyeupe. Mtu akiingia chumbani taa zinawaka, akitoka zinazima, na vijicho hivyo vinahesabu. Mimi nilihesabu kwa macho, ili Injinia Rehema alinganishe.

"Mdogo wangu, hesabu yako na ya mashine zikilingana, naenda na wewe jengo linalofuata," aliniambia. Niliitaka sana kazi ile.

Mlinzi, Mzee Yohana, alinitania kila nikipita. "Wewe! Unatuhesabu kama mbuzi wa mnadani? Angalia usije ukamuuza bosi."

Sasa sikiliza. Kwetu Hombolo, mama alitufundisha kwamba anayehesabu watu hajihesabu. Kujihesabu ni kujiitia kifo. Siku za kazi mwiko huo haukuleta shida, kwa sababu kwa aibu yangu nilihesabu nikiwa nje ya mlango, mahali ambapo vijicho havinioni.

Jumapili ile nilipanda hadi ukumbi wa mikutano, ambao hauna dirisha. Mlango ulikuwa wazi, ndani giza. Nikaona mtu ameketi mstari wa nyuma. Mbona taa hazikuwaka, na mtu yumo? Nikaingia, zikawaka. Zilikuwa zimeniona mimi.

Alikuwa mama mtu mzima, amejifunga kitenge, miguu peku imejaa udongo mwekundu. Zulia chini ya miguu hiyo lilikuwa safi.

"Shikamoo, mama."

Hakuipokea. Aliuliza, "Unaandika watu?"

"Ndiyo, mama."

"Walikuja kuandika watu hapa kabla ya hili zege. Mimi nilikuwa shambani. Wenzangu wakaandikwa, wakahamishwa pamoja na makaburi yao. Mimi nikabaki. Niandike."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi siwezi kumkatalia mtu mzima. Niliandika: ukumbini, mtu mmoja. Nafsi yangu niliiacha, kama nilivyofundishwa.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Papo hapo taa zikazima. Nilipunga mikono, nikaruka, giza. Kisha nikasikia anainuka, na taa zikawaka zote. Akatoka taratibu kama mwenye nyumba. Alipovuka mlango zikazima tena, nami nimesimama katikati ya ukumbi.

Nilishuka mbio. Mzee Yohana alikuwa anaongea na simu getini. "Kuna mama katoka humu sasa hivi, kaniaga vizuri kabisa. Ila yule kijana wa kuhesabu simwoni." Niamini, nilikuwa nimesimama mbele yake.

Kesho yake hesabu zililingana. Mashine iliona mtu mmoja, na mimi niliandika mtu mmoja. Injinia Rehema alifurahi, akaanza kunipigia simu. Iliita mfukoni mwangu, mbele ya meza yake, naye hakuinua uso. Jengo likapata cheti, kimetundikwa mapokezi. Jengo linalofuata alikwenda na mwingine.

Nimerudi Hombolo. Mama anawanawisha wadogo zangu, anawapakulia ugali, mimi ananiruka. Si kwa ubaya. Jioni husimama uani akiliita jina langu kuelekea barabara ya mjini, nami naitika pembeni yake. Nimejaribu kujihesabu. Nimesema "mimi, mmoja" mpaka koo likakauka. Nimechelewa.

Wewe ukipewa kazi ya kuhesabu watu, anza na nafsi yako, hata kama nyumbani walikukataza. Na mtu akikuomba umwandike, tazama kwanza kama taa imemwona. Yule mama yuko huko huko mjini, anasalimia na anaitikiwa.

Mimi kila asubuhi nampa mama yangu shikamoo. Naisubiri marahaba yake mpaka giza linaingia.