Skrini Ilipozima Mikindani

Juzi, katika duka la kompyuta Mikindani, mama mmoja aliketi akipigiwa chapa wasifu wa marehemu mumewe, wa kusomwa mazishini. Picha ya mzee ilikuwa imejaa skrini. Mara skrini ikawa nyeusi tii.

"Zima uwashe!" tukapiga kelele sisi wa foleni, mabingwa wa kila fani.

Mwenye duka akaiziba swichi kwa kiganja. "Nikizima, kazi yote ya asubuhi yapotea. Sijaihifadhi." Akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja. Yakatokea maandishi meupe matupu. "Waona, mama? Mashine i hai. Draiva, ile programu ya kuchora picha kwenye skrini, ndiyo iliyokwama. Sasa nikitoka huku kwenye maandishi nirudi kule, italazimika kuchora upya, inshallah."

Akabonyeza tena. Skrini ikameta, mzee akarudi na tai yake, akitabasamu.

Tukashusha pumzi. Mama akauwekea mkono ukingo wa skrini, polepole.

"Mashine yako ilipoteza picha, mwanangu, uhai ukabaki," akasema. "Mimi nimebakiwa na picha."

Mabingwa wa foleni tukarudi nyuma hatua moja, tukampa mama nafasi.