Meno Nje

Kanisa letu la Lindi, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, lilikuwa la mabati na sakafu ya udongo, na furaha, eti, ilikuwa kazi ya kamati. Nami nilikuwa kwenye kamati hiyo, kwa hivyo nikiwacheka wenzangu leo, najicheka pia.

Pasta wetu alirudi kutoka semina fulani mjini na neno jipya: mhudumu asiyetabasamu anamwaibisha Mungu. Basi kila Jumapili alitupanga mlangoni sisi wakaribishaji, akatukagua kama mnunuzi wa ng'ombe. "Meno nje!" anasema. Nasi tunayatoa. Namwambia mtu "karibu, mpendwa" huku viatu vya kuazima vinanibana karibu nilie, na bado natabasamu. Jameni, unafiki una jasho!

Mama yangu alikuwa nasi pale mlangoni. Alizaliwa kule ziwani, na alipokuwa msichana walimng'oa meno sita ya chini, kama ilivyokuwa desturi ya watu wetu. Nyumbani hakuna aliyejali. Nairobi watu walimkodolea macho, akajifunza kufunga mdomo. Lakini mikono yake! Alimshika mtu kwa mikono miwili, akamuuliza mtoto ameamkaje, kikohozi kimeisha? Wengine walipita upande wake tu, hata kama foleni ni ndefu. Wiki nzima alikuwa anafulia watu nguo huko Kawangware, na mlango ule ndio kazi pekee aliyoipenda.

"Huyu mama ana sura ya matanga," pasta alituambia kwenye kamati. "Atolewe mlangoni." Debe tupu lile, pasta wetu! Ningesema tu: hana meno ya chini, anaona haya. Basi, yangekwisha. Sikusema. Niliogopa nisije nikaonekana mtoto wa mshamba, na walipopiga kura nikainua mkono pamoja na wengine. Mimi, binti yake wa kumzaa.

Habari nilimpelekea mwenyewe. Alisema tu, "Haya," kisha akaomba apewe kufagia.

Jumamosi iliyofuata nilienda kanisani na pasta kupanga viti. Tulimsikia kabla hatujamwona. Mama alikuwa ananyunyiza maji sakafuni ili vumbi litulie, anaimba kwa lugha yetu, anakosea sauti, kisha anajicheka mwenyewe, mdomo wazi kabisa, pengo lote nje. Furaha kama ile hatukuwahi kuiona mlangoni, licha ya meno yetu yote.

Pasta akasimama. "Kumbe unaweza kufurahi, mama! Sasa mbona Jumapili unanuna?"

Mama akafunika mdomo kwa kiganja chenye matope. "Pasta, wewe ulitaka meno," akasema. "Mimi sina."

Pasta akanigeukia. "Wewe ulijua?"

Mama naye alikuwa ananitazama. Nilikuwa nimebeba viti viwili, sina pa kujificha, na kwa mazoea tu, meno yangu yalikuwa nje.