Mbwa Wasio na Njuga

Juzi, kwenye dirisha la duka la vitu vya kale, niliiona tena ile picha ya zamani, iliyochapwa kwa wino mweusi: nguruwe mwitu amezingirwa na mbwa.

Kama hiyo ilining'inia katika chumba tulichopanga maman na mimi huko Matonge, mtaa wa wahamiaji ughaibuni. Kilinuka mawese na makoti yaliyolowa mvua. Hatukuwa na karatasi za kukaa, kwa hiyo mchana kutwa tulijifungia, mimi nikiwatazama wale mbwa. Kwetu Kivu mbwa wa kuwinda huvalishwa njuga shingoni, nami niliamini ni za kumwonya mnyama. Hawa hawakuwa nazo. Nilimhurumia nguruwe.

Alasiri moja kengele ya mlango ikalia. Maman akaniziba mdomo kwa kiganja chenye harufu ya kitunguu. Aliponiachia, nikamnong'oneza:

"Maman, usiogope. Ile kengele iko kama njuga, inatuonya tu."

"Bon, nyamaza. Vaa viatu, tupite nyuma."

Siku hizi najua: njuga humtisha mnyama akimbilie wavuni.

Tulishuka ngazi za nyuma mbio. Chini alisimama polisi, mikono mifukoni, akitusubiri.