Makopo Matatu ya Rangi Nyeupe

Ukitaka kujua chumba kinahitaji rangi kiasi gani, unapima urefu wa kuta zote nne, unazidisha kwa kimo chake, unatoa mlango na madirisha, kisha unagawa kwa eneo linalofunikwa na lita moja. Kwa kuwa rangi hupakwa mara mbili, jibu nalo unalizidisha kwa mbili. Nimewafundisha watoto wa darasa la sita hesabu hiyo kwa miaka mingi, na kila nifikapo kwenye kugawa, mkono wangu hupunguza mwendo ubaoni. Wao hudhani ninawasubiri.

Chumba chenyewe kilikuwa cha kuzalishia, katika kituo cha afya cha mtaa wetu wa Baraka, kando ya ziwa, wakati wa vita vya pili vya nchi yetu. Askari walikuwa wamelala humo kwa miezi kadhaa wakipikia ndani, na walipoondoka walichukua vitanda na mlango, wakatuachia masizi mpaka juu kwenye mabati. Mkunga alisema hawezi kumpokea mtoto katika chumba asichoweza kuona kama ni kichafu au kisafi. Kamati ya kituo ikaamua kipakwe rangi nyeupe ya mafuta, ile inayoosheka. Barabara ya Uvira ilikuwa haipitiki. Rangi ilipaswa kuagizwa Kigoma, ije na mashua pamoja na chumvi na sabuni, na hakuna aliyejua kama mashua nyingine ingefuata. Ilitakiwa hesabu isiyokosea. Wakaniita mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nimerudi kutoka chuo cha ualimu Bukavu, na nilitembea mtaani kama mtu ambaye diploma yake inaonekana kwa nje.

Fundi wa rangi alikuwa mwanamume wa makamo aliyekimbia kutoka Mboko na brashi mbili zilizofungwa ndani ya shati. Familia moja ya karibu na ziwa ilimpa mahali pa kulala. Hapo Baraka hakuwa na shamba, wala nyavu, wala ndugu wa kusema huyu ni wetu. Alikuwa na kazi ya mikono yake, na jina ambalo kazi hiyo ingempatia.

Nilipima kwa utepe wa fundi cherehani: mita tano kwa nne, kimo mita tatu. Nilipotoa mlango na madirisha, zikabaki mita za mraba arobaini na nane. Mkunga alikuwa na kopo tupu la rangi ya aina ile ile. Nikasoma ubavuni kwamba lita moja hufunika mita za mraba kumi. Makopo matatu ya lita nne nne yangetosha, na akiba kidogo ikabaki.

Fundi hakupima chochote. Alichota maji kwa kiganja, akakibandika ukutani, akakiondoa. Alama ya vidole vitano ilififia tukiitazama.

“Unaona, Mwalimu? Imeshaisha. Hii ukuta ni udongo, haina simenti, iko na kiu. Muagize makopo tano. Ao tuipake kwanza pemba na maji ya bugali, tufunge ile midomo yake. Kisha rangi ikuje.”

Pemba ni ule udongo mweupe ambao mama zetu walipakia nyumba zao. Nami sikuwa nimesoma ili nirudi kwenye pemba.

“Papa, pemba ni mambo ya jikoni,” nikamwambia mbele ya wanakamati. “Na ukuta haina koo.”

Walicheka. Hata yeye alicheka. “Haya,” akasema. “Wewe umesoma.”

Niliandika hesabu kwenye karatasi ya miraba, nikatia sahihi chini yake. Mwenyekiti wa kamati aliikunja akaiweka mfukoni mwa shati.

Rangi ilipofika, fundi alifanya kazi siku tatu. Alasiri ya siku ya tatu nilikwenda kuona. Makopo yote yalikuwa matupu, na kuta zilikuwa zimepakwa mara moja tu, zina madoadoa kama muhogo ulionyeshewa kabla haujakauka. Masizi yalionekana chini ya weupe. Fundi alikuwa amekwenda kunawa. Niliinua kopo moja nikasoma tena. Chini ya zile mita kumi palikuwa na mstari wa herufi ndogo, kwa Kifaransa, uliosema kwamba kipimo hicho ni cha ukuta laini uliokwisha kuandaliwa. Laiti ningeweza kusema kwamba ndiyo kwanza nauona. Nilikuwa nimeuona siku ya kwanza, nikauruka.

Kesho yake asubuhi kamati ilikutana uani. Mwenyekiti alitoa karatasi yangu.

“Papa, Mwalimu aliandika makopo tatu, kupaka mara mbili. Wewe umepaka mara moja. Rangi ingine iko wapi?”

“Iko ndani ya ukuta. Mukwangue, mutaikuta.”

“Kumbe ukuta yetu inakunywa kuliko baaskari!” mtu mmoja akasema, na uwanja mzima ukacheka.

“Tuende tuangalie kule anakolala,” mwingine akaongeza. “Labda kumekuwa kweupe.”

Fundi hakucheka. “Mumuulize Mwalimu,” akasema.

Mwenyekiti akanigeukia. “Mwalimu, hesabu iko sawa?”

“Hesabu iko sawa,” nikajibu.

Nilikuwa nimeyachagua maneno hayo. Kuzidisha kulikuwa sawa, kutoa kulikuwa sawa, kugawa kulikuwa sawa. Hakuna aliyeniuliza juu ya ukuta. Kwa miaka mingi nilijificha ndani ya jibu hilo na kujiambia kwamba sikusema uongo.

Hakuna aliyempiga, wala aliyempeleka kwa askari. Ila mwenye duka aliyekuwa amemwahidi kazi alimwambia angoje kwanza, na katika nyumba alimolala watoto wakaanza kuulizwa njiani baba yao anamfuga nani.

Siku ya nne baada ya kikao hicho nilimfuata ufukweni, nimebeba ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwenye sahani iliyofunikwa. Alikuwa ameketi akilainisha brashi zake kwa sabuni, ingawa hakukuwa na kazi.

“Papa, nilikosa,” nikamwambia. “Makopo tano ndiyo ilikuwa kweli.”

“Mimi unaniambia ya nini? Mimi nilijua tangu siku ile ya maji.” Hakuigusa sahani. “Bale watu wa kamati walicheka. Uende uwaambie bale.”

“Nitawaambia.”

“Lini?”

“Jumapili, kanisani, wakati wa matangazo.”

Uso wake ukafunguka kidogo. “Bien. Nitakuja kusikia.”

Alikuja. Alivaa shati lililopigwa pasi, bila shaka ya kuazima kwa maana mabega yalimzidi, akaketi kwenye benchi la mwisho. Yalisomwa matangazo ya msiba mmoja na ya mbuzi aliyepotea, kisha mhubiri akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama. Niliwaona wazazi wa wanafunzi wangu, na mwenyekiti katika benchi la mbele, wote wakinitazama kwa ile heshima niliyorudi nayo kutoka Bukavu.

“Darasa la sita litaanza kesho saa mbili,” nikasema. “Kila mutoto akuje na kiti yake.”

“Asante, Mwalimu,” wakaitikia.

Niliketi. Wimbo wa kufunga ulipoanza nikageuka. Alikuwa amesimama pamoja na wengine, haimbi, ananitazama kama mtu anayeamini tangazo bado halijaisha. Waumini walipoanza kutoka kwa mlango mkubwa, ambapo ilikuwa lazima nipite mbele yake, nilitokea mlango wa ubavuni.

Jumatano alipanda mashua ya kwenda kusini. Ni mkunga aliyeniambia, akiosha mikono katika chumba kile, na aliniuliza kama kweli nadhani yule mzee aliiba. Nikamwambia sijui.